Kuchagua Boti ya Mkondo kwa Uvuvi wa Mtoni: Mwongozo Kamili kwa Anayenunua kwa Mara ya Kwanza

Mtu anayetaka kununua boti ya kuvulia mtoni huku Magharibi ya Marekani aghalabu huanza kwa kuangalia viti, masanduku ya chambo na rangi, yaani vile vitu vitakavyompendeza mvuvi, na hapo ndipo hasara huanzia. Boti ya aina hii hununuliwa kwa ajili ya mpiga makasia. Mvuvi aliyeketi mbele anaweza kuvumilia kiti kigumu kutwa nzima, lakini mpiga makasia akishindwa kuizuia boti isiukumbe mwamba, wote waliomo wataangukia katika maji ya theluji iliyoyeyuka, ambayo humaliza nguvu za mikono ya mtu kwa dakika chache. Kila hatua iliyomo katika mwongozo huu inarudi kwa mtu huyo mmoja aliyeketi katikati.

Ninawaandikia hasa Waswahili wenzangu wa Oregon, Idaho na Montana, wakiwemo ndugu zetu Wakongo walioletwa Portland, Boise na Missoula, ambao wengi wao walikulia kando ya Ziwa Tanganyika na hawahitaji kufundishwa uvuvi. Mimi nilikulia Pangani, mahali ambapo mtoto hutofautisha kafi na kasia kabla hajajua kusoma. Hata hivyo, mto wa mawe unaoteremka kutoka milimani ni jambo jingine kabisa, na ujuzi wa ziwani au pwani peke yake hautoshi kumchagulia mtu chombo.

Chombo tunachokizungumzia wenyeji hukiita drift boat, na ni vyema ulikariri jina hilo kwa sababu ndilo utakaloliona katika matangazo ya mauzo. Hapa nitakiita boti ya mkondo. Asili yake ni mito ya Oregon, hasa McKenzie na Rogue, ambako mafundi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwa wakitafuta namna ya kuwapitisha wavuvi kwenye maporomoko bila kuzama. Torkel Kaarhus, fundi mzaliwa wa Norwei, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutumia plaiwudi badala ya mbao zilizounganishwa vipande vipande, na Woodie Hindman akaendeleza umbo hadi likafikia hili linalojulikana leo. Boti hii haina mkuku, yaani ule uti wa chini unaokata maji. Kitako chake ni bapa kwa upana, lakini kwa urefu kimepinda kama ndizi, hivi kwamba omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, vimenyanyuka na sehemu ya katikati tu ndiyo inayogusa maji sawasawa. Mbavu zake, yaani kuta za pembeni, zimetanuka kwenda nje. Mpiga makasia huketi akitazama kule mto unakoelekea, na badala ya kuisukuma boti iende mbele, muda mwingi huvuta makasia ili kuipunguzia kasi, boti ikateremka polepole kuliko maji yenyewe. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini umbo lake liko hivyo: chombo kimetengenezwa ili kizuilike na kigeuzike, wala hakikukusudiwa kukimbia.

Hatua ya kwanza: andika majina ya mito yako

Kabla ya kutazama tangazo lolote, chukua karatasi uandike mito mitatu utakayoiendea mara nyingi zaidi, ile iliyo umbali wa saa mbili kwa gari kutoka nyumbani kwako. Usiandike mto wa ndoto zako unaotumaini kuufikia mara moja kwa miaka mitano.

Mito ya pwani ya Oregon, kama vile Wilson, Trask, Nestucca na Alsea, ni myembamba, ina mawe mengi, hujaa kwa mvua za majira ya baridi, na watu huifuata kwa ajili ya samoni na steelhead, yaani trauti yule anayekwenda kukulia baharini kisha akarudi mtoni kuzaa. Huko unahitaji boti inayogeuka upesi na kupenya baina ya mawe mawili. Mto Missouri katika jimbo la Montana, chini ya bwawa la Holter, ni mpana na mtulivu, na adui mkubwa ni upepo. Huko boti ya mbavu ndefu itasukumwa hadi ng'ambo ya pili kama tiara. Rogue ina maporomoko ambayo hayamsamehe mgeni, na sehemu yake ya nyikani huhitaji kibali maalumu kati ya tarehe 15 Mei na tarehe 15 Oktoba. Kwenye Mto Deschutes, karibu sehemu yote ya chini, ni marufuku kuvua ukiwa umo ndani ya chombo kinachoelea: boti inakufikisha tu, kisha unashuka na kuvua ukiwa umesimama majini. Mtu anayekwenda Deschutes kila wiki atatumia viti vya kuvulia vya gharama kubwa kama viti vya abiria tu.

Kando ya kila jina andika pia daraja la maporomoko, ambalo hupangwa kuanzia la I, maji matulivu, hadi la VI, maji yasiyofaa kupitika. Anayeanza asivuke daraja la II bila mwenyeji anayeujua mto, hata boti yake iwe bora namna gani.

Hatua ya pili: jua ni nani atakayepiga makasia

Jiulize ni nani, katika familia au kundi lako, atakayeshika makasia siku ile wewe umechoka au umeumia bega. Boti ichaguliwe kwa nguvu za huyo. Nimeona wanaume wenye miili mikubwa wakinunua boti pana ya futi 17 kwa sababu wao wanaimudu, halafu wake zao au vijana wao wa miaka 15 wanashindwa kuivuta, na hivyo mwenye boti akageuka mtumishi wa boti yake mwenyewe, hapati kutupa ndoano hata mara moja kutwa nzima.

Watu watatu, yaani wavuvi wawili na mpiga makasia, ndio mzigo wa kawaida. Ikiwa kila mara mnakwenda wawili tu, boti ya futi 14 itawatosha na itawarahisishia kila kitu, kuanzia kuipandisha kwenye trela hadi kuihifadhi nyumbani.

Hatua ya tatu: pima kitako

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Boti ya mkondo hutajwa kwa namba mbili: urefu wake kwa futi na upana wa kitako kwa inchi. Ukisikia 16 kwa 48, maana yake ni boti ya futi 16, karibu mita 4.9, yenye kitako cha upana wa inchi 48, karibu sentimita 122. Zipo pia za inchi 54 na za inchi 60.

Kitako kipana hubeba mzigo mkubwa zaidi, hakizami sana majini na huwapa wavuvi uthabiti wanaposimama. Lakini kila inchi iliyoongezeka hulipwa kwa mikono ya mpiga makasia. Kitako chembamba hugeuka upesi na hupenya, ila huyumba mtu mzito anaposogea upande mmoja. Kwa mito ya pwani ya Oregon na mpiga makasia wa nguvu za wastani, ushauri wangu ni 16 kwa 48, na sina shaka nao. Kwa mto mpana unaopungua maji wakati wa kiangazi, au kwa wazee wanaohitaji kusimama bila hofu, inchi 54 ni sahihi. Inchi 60 waachie wale wanaobeba wageni kwa biashara.

Baada ya upana, tazama ule mpindo. Boti ikiwa juu ya sakafu ngumu, inama uitazame kwa ubavu, kisha pima kwa macho omo na tezi vimenyanyuka kiasi gani. Iliyopinda sana tangu mwanzo hadi mwisho huzunguka kwa mguso mdogo wa kasia, jambo jema kwenye maporomoko, lakini kwenye maji matulivu huhangaika huku na huko na kumchosha mpiga makasia. Iliyonyooka kidogo katikati hushika mstari vizuri na huzuilika kwa urahisi zaidi inapovutwa.

Urefu wa mbavu hauhitaji maneno mengi. Mbavu ndefu huzuia mawimbi ya maporomoko yasiingie. Mbavu fupi hupunguza shida ya upepo na humrahisishia mtu kupanda na kushuka. Rejea karatasi yako ya mito, nayo itajibu.

Hatua ya nne: amua malighafi

Alumini hubonyea badala ya kupasuka, na ndiyo maana wengi huipendelea kwa mito ya mawe makubwa. Dosari zake ni mbili: hupiga kelele kila kitu kinapoanguka ndani, na hugandisha miguu asubuhi ya Januari. Tena alumini tupu hung'ang'ania mwamba badala ya kuteleza, kwa hiyo kitako chake hupakwa epoksi ngumu au hubandikwa bamba la plastiki nene, na mipako hiyo hudai kurudiwa kila baada ya misimu michache.

Faiba huteleza juu ya mawe, ni tulivu, haina baridi kali, na fundi wa kawaida anaweza kuikarabati kwa kitambaa na gundi yake. Pigo la nguvu kwenye ncha ya mwamba hupasua tabaka za ndani huku juu pakionekana pazima, na huo ndio udhaifu wake.

Mbao ni nyepesi na nzuri mno kutazama. Mimi ninazipenda, na bado simshauri anayeanza kununua boti ya mbao, isipokuwa ana banda kavu la kuihifadhi na moyo wa kuipaka mafuta au vanishi kila mwaka bila kukosa.

Ukiniuliza nichague moja kwa mtu asiyeujua mto vizuri, nitachukua alumini iliyotumika. Mwaka wa kwanza utagonga mawe mengi, na alumini itakusamehe.

Hatua ya tano: makasia, vileti na nanga

Mnunuzi huviona hivi kuwa nyongeza, ilhali ndiyo usukani na breki za chombo. Kwa boti ya kitako cha inchi 48, kasia la futi 9 hufaa; kwa inchi 54, futi 9 na nusu; kwa inchi 60, futi 10. Kaa kwenye kiti, weka makasia kwenye vileti, yaani zile pete za chuma zinazolishikilia kasia ubavuni, kisha uyanyooshe mbele ya kifua: vishikio viwili viachane kwa kiasi cha ngumi moja au mbili, na theluthi moja hivi ya kasia iwe ndani ya boti. Vikigongana, utajiumiza vidole kwenye maporomoko. Makasia lazima yawe matatu. Lile la tatu lifungwe ubavuni kwa namna ambayo mkono mmoja unaweza kulichomoa, kwa kuwa kasia huvunjika mahali pabaya, wala halivunjiki mahali pengine.

Nanga huwa ya umbo la piramidi, na paundi 30, karibu kilo 14, ndiyo ya kawaida kwa boti ya futi 16. Huning'inia nyuma kwenye tezi, na kamba yake hupita kwenye kapi, yaani gurudumu dogo la kupitishia kamba, hadi kwenye kiti cha mpiga makasia. Jaribu kuiteremsha na kuipandisha mara kumi mfululizo. Kapi likikwama hata mara moja, badilisha kapi kabla ya kugusa maji. Nanga iteremshwe kwenye maji ya polepole tu. Ikishika mwamba kwenye maji ya kasi, mkondo huivuta tezi chini hadi maji yafurike kwa nyuma, na hayo hutokea kabla mtu hajamaliza kutamka sentensi. Kwa sababu hiyo, kisu kikae mahali ambapo mkono wa mpiga makasia unafika bila kuinuka, na mwisho wa kamba usifungwe fundo, ili ikibidi kamba yote ichomoke iende zake.

Hatua ya sita: kagua boti iliyotumika kuanzia chini

Boti mpya pamoja na trela huvuka kwa urahisi dola 10,000, kwa hiyo wengi wetu tutanunua iliyotumika. Boti yangu ya kwanza niliinunua jioni, mvua ikinyesha, kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuhama jimbo. Ilikuwa ya faiba, imepakwa rangi mpya ya kijani ndani na nje, nami niliridhika na rangi. Safari ya tatu, kisigino changu kilizama kidogo sakafuni kama mtu aliyekanyaga godoro. Chini ya ile rangi palikuwa na sehemu kubwa kama sinia, tabaka zimeachana na maji yamejaa katikati. Ukarabati wake ulinigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia.

Tangu hapo sikagui boti ya mtu bila vitu vinne: tochi, sarafu, kipande cha zulia cha kulalia na mpira wa kumwagilia bustani. Omba boti iteremshwe kutoka kwenye trela na iegeshwe juu ya magogo imara. Muuzaji akikataa, mshukuru na uondoke. Lala chini. Anza na ule ukingo ambapo kitako kinakutana na ubavu, kwa sababu ndipo mawe yanapogonga zaidi, uufuate kwa tochi kutoka omo hadi tezi. Kwenye faiba, gonga kwa sarafu kila baada ya upana wa kiganja na usikilize: palipo pazima hutoa mlio mkali na mfupi, na palipoachana hutoa mlio mzito, kama kugonga boga lililooza. Kwenye alumini, tazama mishono ya kuchomelea, hasa karibu na vileti na pale nanga inaponing'inia, utafute nyufa nyembamba kama unywele. Mibonyeo usiiogope, nyufa ndizo za kuogopa. Kwenye mbao, bonyeza kwa ncha ya kisu kwenye ubao wa tezi na kwenye pembe ambako maji hutuama. Kisu kikiingia kama kwenye mkate, boti hiyo inahitaji fundi kabla ya kuhitaji mnunuzi.

Kisha funga kizibo cha kutolea maji, na mimina maji ndani hadi kina cha kiganja. Subiri dakika 20 ukitazama chini. Boti isiyovujisha kwenda nje haitavujisha kuingia ndani. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na jambo hili; wawili kati ya watatu niliowahi kuwaomba waliniletea mpira wao wenyewe.

Trela nayo ina roho yake. Nyanyua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono: likinguruma au likiyumba, beringi zimekwisha, na beringi zikikatika barabarani ukiwa njiani alfajiri, siku yako ya uvuvi imeishia hapo.

Hatua ya saba: hati na sheria

Tafuta namba ya utambulisho ya boti yenye herufi na tarakimu 12 kwenye tezi, upande wa kulia kwa juu. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 hutakiwa kuwa nayo. Ilinganishe na karatasi za muuzaji, kisha hakikisha hati ya trela ina jina la huyo anayekuuzia.

Katika Oregon, boti isiyo na injini haisajiliwi, lakini tangu 2020 kipo kibali cha kutumia njia za maji kinachotolewa na Bodi ya Bahari ya jimbo. Angalia masharti na ada za mwaka huu kabla ya kushuka majini. Ukifunga injini yoyote, hata ndogo ya umeme, usajili unakuwa wa lazima. Kila aliyemo awe na jaketi la uokozi linalomtosha, watoto wa miaka 12 na chini ya hapo walivae wakati wote boti inapokwenda, na kwenye maporomoko ya daraja la III au zaidi kila mtu alivae. Mimi husema livaliwe tangu gatini. Ukisafiri na boti kwenda jimbo jingine, utapita vituo vinavyokagua konokono na mimea vamizi ya majini. Simama, kwa kuwa kupita bila kusimama ni kosa.

Hatua ya nane: ipige makasia kabla ya kulipa

Toa malipo ya awali ikibidi, lakini usimalize kulipa kabla ya kuijaribu kwenye maji mepesi, ikiwa na uzito wa watu watatu. Acha mkondo ukuchukue, halafu vuta makasia mara kumi kwa nguvu ya kawaida. Boti inayokufaa itakuwa imesimama, au karibu kusimama, ukilinganisha na ufuko. Kisha chagua jiwe lililo mbali chini ya mto, elekeza omo kwenye jiwe hilo hilo, sogeza omo pembeni kidogo na uvute: boti inapaswa kuteleza kwenda upande, ikiliacha jiwe bila kukuhangaisha. Huo ndio msingi wote wa kuendesha chombo hiki, kuielekezea hatari uso na kuvuta kujitoa kwayo. Baada yako, mpe makasia yule uliyemtaja katika hatua ya pili, afanye vivyo hivyo. Akirudi anahema lakini anacheka, lipa. Akirudi kimya, tafuta boti nyembamba zaidi.

Ukifika nayo nyumbani, inyanyue omo, fungua kizibo maji yatoke yote, iache ikauke kabisa kabla ya kuifunika, na kizibo hicho kining'inize kwenye usukani wa gari linalovuta trela, ili asubuhi ya safari ijayo usiweze kuondoka bila kukishika mkononi.